Maji ya Nungwe, Milango ya Jinja

Kwetu Nungwe, bwawa lilikuwa jambo la watu wa Shinyanga. Kule ng'ombe ni wengi na mvua ni ya kubahatisha, kwa hiyo tangu enzi za mkoloni watu walichimbiwa malambo. Mjomba wangu aliyehamia huko alipokuja kututembelea alituonea wivu waziwazi. Ninyi mmepewa ziwa zima na Mungu, alikuwa akisema, hamna wa kuwafungulia wala wa kuwafungia. Niliamini hivyo hadi nilipofika Chuo cha Uvuvi Nyegezi mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwalimu alitundika ramani ukutani, akatuuliza mito inayoingia Ziwa Victoria. Tuliitaja kwa kushindana: Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia, Yala. Akauliza wa kutoka. Ni mmoja tu, Nile, kule Jinja nchini Uganda. Akaweka kidole hapo, akasema hapa pana milango, na funguo zake haziko Tanzania.

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kabla ya hapo maji yalimwagika yenyewe juu ya mwamba wa maporomoko ya Ripon, kilomita chache kutoka hapo. Ziwa likijaa yalitoka mengi, likipungua yalitoka machache. Wajenzi waliuvunja ule mwamba na maporomoko yakazama. Tangu hapo ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,000 limekuwa, katika hesabu za wahandisi, tangi la kituo cha umeme. Waingereza na Wamisri walikubaliana kwamba milango ifunguliwe kwa kufuata jedwali: maji yatoke kiasi kilekile ambacho mwamba wa Ripon ungeruhusu kwa kina cha ziwa cha siku hiyo. Lilikuwa jedwali la haki kwa Misri. Halikuwa na safu ya samaki.

Lakini samaki walikuwepo. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika Ripon mwaka 1862 aliandika habari za maelfu ya samaki wakiruka kuyapanda maporomoko, na wenyeji wakiwavua pale chini. Hakuna tena anayeweza kuliona jambo hilo kwa macho.

Nianze na maji yalipopanda, maana huko ndiko kumbukumbu yangu inakoanzia. Mwishoni mwa 1961, nchi inapokea Uhuru, mvua ilinyesha isivyo kawaida, na haikukoma mwaka uliofuata wala uliofuata huo. Kufikia Mei 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mashamba ya mihogo ya ukanda wa chini yalizama, migomba ikabaki imesimama majini, na nyumba ya babu yangu ikahamishiwa kilimani nguzo kwa nguzo. Baadaye nikiwa chuoni nilisikia wasomi wakililaumu bwawa kwa mafuriko yale. Hawakuwa sahihi, ilikuwa mvua. Wazee wetu hawakulilaumu kwa sababu hawakujua kama lipo.

Ninachokumbuka zaidi ni unono wa samaki wa miaka ile. Maji yalikuwa yameingia kwenye nyasi na kwenye mashamba, na kule ndani kila kitu kilikuwa chakula: wadudu, mbegu, majani yanayooza. Kambale walikamatwa na watoto kati ya mabua ya mahindi. Sato walikuwa wanene hata mama akiwakaanga hahitaji mafuta mengi, wanatoa ya kwao. Nilipokuja kufundishwa kwamba samaki wengi wa maji baridi wa nchi zetu huzaa kwa kufuata maji yanayopanda, sikuona ni somo jipya. Nilikuwa nimekwisha kula ushahidi.

Na nikisema kupanda kwa maji, lazima nimtaje ningu. Vijana wa leo wa Geita hawamjui. Ni samaki wa ziwani anayezaa mtoni. Mdomo wake uko chini, wenye midomo minene ya kukwangulia matope na mawe. Masika yakianza, mto ukageuka rangi na kumwaga maji mekundu ziwani, ningu walisikia harufu ile wakaanza kupanda kwa makundi, majike wakiwa wamejaa mayai hadi ukimbonyeza tumbo yanatoka. Walitaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko pembeni mwa mto, kisha maji yakianza kushuka watu wazima na watoto wakarudi ziwani pamoja. Wiki hizo kijiji kilikuwa na sherehe yake. Wanaume walitega migono kwenye mikondo, kina mama wakakausha samaki juu ya moto wa kuni mbichi, na harufu ikakaa kwenye nguo hadi Pasaka.

Ningu hakumalizwa na bwawa. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kulitwisha bwawa kila msiba. Ningu alimalizwa na nyavu za makila zilizotandazwa kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda, kazi iliyoanza upande wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na kutufikia sisi baadaye. Ukimkamata kila jike anayekwenda kuzaa, huhitaji ukuta wa zege. Ila ningu alinifundisha jambo ambalo baadaye lilinisaidia kuelewa bwawa: samaki anaweza kuwa na maji safi, chakula tele na hana ugonjwa wowote, akaisha kwa kufungiwa njia au kubadilishiwa majira.

Sangara sitakaa naye sana, ameandikwa vya kutosha. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60. Miaka ya 80 alipolipuka kwetu, furu waliokuwa wamejaa ziwani kwa mamia ya aina walitoweka mbele ya macho ya watafiti Waholanzi wa Leiden, waliokuwa wameanza kuwahesabu katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Mimi wakati huo nilikuwa bwana samaki wilayani Geita, nikizunguka mialo kwa baiskeli ya serikali. Nilipima sangara wa kilo 60 na zaidi. Fedha ziliingia, wachuuzi wakaja, viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Kila mtu aliyeuliza habari za ziwa aliuliza habari za sangara. Kina cha maji hakikuulizwa na mtu.

Kiliulizwa mwaka 2004.

Kule Jinja, pembeni mwa Owen Falls, ambayo sasa inaitwa Nalubaale, Uganda ilikuwa imejenga kituo cha pili, Kiira, na mitambo yake ikaanza kuzunguka mwaka 2000. Vituo viwili vikawa vinakunywa ziwa moja kwa wakati mmoja. Nilipata kufika huko kwa ziara ya mafunzo kabla Kiira haijaanza kazi. Nilisimama ng'ambo ya Nalubaale nikatazama maji yakitoka chini ya ukuta yamechafuka povu, na mwenyeji wetu, mtaalamu wa samaki wa pale Jinja, akanieleza mambo ambayo chuoni tuliyapitia juujuu. Maji yakianguka kwa kishindo kutoka kwenye ukuta mrefu hubeba hewa hadi kilindini na kuishindilia ndani yake. Samaki akiyavuta, hewa ile hujitenga tena ndani ya damu yake, na mapovu hutokea kwenye mapezi, kwenye matamvua na nyuma ya macho. Alitaja mto Columbia wa Marekani, ambako samoni wengi walikufa kwa maradhi hayo katika miaka ya 60 na 70 hadi wahandisi wakalazimika kubadili jinsi ya kumwaga maji. Alieleza na upande wa pili: maji yakichotwa chini kabisa ya bwawa refu huweza kuwa baridi na yasiyo na oksijeni, na samaki walio chini ya ukuta wakapigwa na maji yaliyokufa. Nilimuuliza, na sisi tulio juu ya ukuta, kilomita mia kadhaa kusini? Alicheka. Akasema ninyi matatizo yenu yatakuja pole pole, hamtasikia kishindo.

Yalikuja hivyohivyo. Mwishoni mwa 2003 mvua zilikuwa haba, na 2004 zikawa haba tena. Mtu wa kwanza kuniletea habari alikuwa mvuvi mzee wa Kizinza, mwenye mtumbwi wa kurithi, aliyenikuta ofisini asubuhi.

"Mwangaluka, bwana samaki."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Sikai. Nimekuja uje uone. Ziwa linaondoka."

Nilidhani anatia chumvi. Tulipofika, alinionyesha gogo ambalo siku zote alifungia mtumbwi. Lilikuwa limesimama kwenye mchanga mkavu, na maji yakiwa mbali hata ukirusha jiwe halifiki. Ghuba ya Nungwe sehemu nyingi ni ya kina kifupi, kwa hiyo ziwa likishuka kwa mkono mmoja, ufuko hurudi nyuma kwa hatua nyingi sana. Mafunjo ambayo kwa miaka yote yalikuwa na miguu majini yalikuwa yamesimama juu ya tope lililopasuka, yameanza kuwa ya njano kuanzia chini. Kamongo, ambaye amezoea ukame, alikuwa amekwisha kujichimbia, na vijana walikuwa wakimtafuta kwa majembe.

Kilichonishika roho kilikuwa kwenye mchanga. Dume la sato hujichimbia kiota pale maji yanapofika kiunoni au kifuani, duara safi lenye ukingo, pana kama ungo. Hulilinda, jike huja kutaga, kisha huyachukua mayai mdomoni na kwenda kuyaatamia humo hadi yaanguliwe. Mbele yangu palikuwa na viota hivyo vingi, kimoja ubavuni mwa kingine, vyote vikavu. Ndani ya baadhi ya viota bado palikuwa na unyevu na alama za mapezi ya dume aliyekuwa akifagia. Maji yalikuwa yamewaacha katikati ya kazi. Mzee yule alikanyaga ukingo wa kimoja kwa kidole cha mguu, hakusema kitu, tukaendelea kutembea.

Sato aliyeatamia mdomoni ana haja ya mahali pa kuwatemea watoto, na mahali hapo ni kwenye mizizi ya mafunjo na matete, ambako sangara mkubwa hapenyi. Mafunjo yakiwa nchi kavu, watoto hutemwa peupe. Anayewasubiri pale ni sangara kwa upande mmoja na kokoro kwa upande mwingine. Miezi ile makokoro yalizaliwa upya. Tulikuwa tumeyachoma moto mwalo baada ya mwalo, lakini ufuko uliopanuka uliwapa wavutaji uwanja ambao hawajawahi kuupata, mchanga mtupu usio na kisiki. Nilikamata neti zenye samaki wa urefu wa kidole. Niliwapima kwa rula kwa mazoea tu. Hapakuwa na cha kuandika.

Waliosalia walibanana. Hili watu hulisahau wanapozungumzia afya ya samaki, hufikiri ni sumu tu. Maji yakipungua ghubani, samaki wale wale hukaa katika eneo dogo zaidi, maji hupata joto, oksijeni hupungua alfajiri, na ndege hujaa. Minandi walikuja kwa wingi usio wa kawaida, wakisimama kwenye miamba wakianika mabawa. Mnandi hubeba minyoo tumboni, mayai ya minyoo huanguka majini na kinyesi, na kwa kupitia vidudu vidogo vya majini humfikia samaki. Nilipasua sato wengi mwaka 2005. Mmoja, alikuwa na kichwa kikubwa na mgongo mwembamba kama anayeumwa muda mrefu, nilimfungua kifuani karibu na moyo nikakuta mnyoo mwekundu mnene amejikunja, na baada ya kumtoa nikakuta mwingine chini yake. Moyo ulikuwa umesukumwa pembeni. Mke wa mvuvi aliyekuwa ameshika beseni alinitazama akaniuliza kama samaki huyo analiwa. Nikamwambia analiwa, mnyoo huyo hufa jikoni akipikwa akaiva. Ni kweli, lakini hakumnunua.

Niliandika taarifa. Nikataja viota, mafunjo, minyoo, makokoro. Majibu niliyopata kutoka ofisi ya juu yalikuwa kwamba nizidishe doria dhidi ya uvuvi haramu.

Februari 2006 ndipo nilipopata maelezo, na niliyapata redioni kama mtu mwingine yeyote. Mtaalamu wa maji aliyekuwa Nairobi, Daniel Kull, alikuwa amefanya hesabu na kuonyesha kwamba kati ya sababu za kushuka kwa ziwa mwaka 2004 na 2005, ukame ulichangia kama asilimia 45, na kama asilimia 55 ilikuwa ni maji yaliyoachiwa Jinja kuzidi lile jedwali la mwaka 1954. Upande wa Uganda ulisisitiza ukame. Mawaziri walikutana, wataalamu wakatumwa. Kufikia Oktoba mwaka huo ziwa lilikuwa limefika chini kuliko wakati wowote tangu 1923. Nilikaa na redio yangu ukumbini nikiwaza kwamba kile kiota alichokigusa mzee kwa kidole kilikuwa kimekaushwa, zaidi ya nusu yake, ili taa ziwake Kampala.

Siwezi kuwalaumu sana Waganda, na msomaji wa Shinyanga atanielewa kwa nini. Mwaka huohuo sisi wenyewe tulikuwa gizani. Mtera, ambalo wakati huo lilikuwa bwawa kuu la kuhifadhi maji ya umeme wetu, lilishuka chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kipimo ambacho chini yake mitambo haipaswi kuendeshwa, na bado lilitumika. Mgawo wa umeme ulifika Shinyanga na kutuacha na vibatari. Binamu zangu, watoto wa yule mjomba, waliokuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao, waliamriwa kuondoka huko, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa kulinda maji ya Mtera. Walitembea na mifugo kuelekea kusini, wengine hadi Lindi. Kwa hiyo ukoo mmoja ulisukumwa na mabwawa mawili, upande mmoja ukifuatwa na ukavu na mwingine ukifukuzwa kwa ajili ya maji. Waganda walifanya kwa ziwa tulichofanya sisi kwa Ruaha, mto unaolijaza Mtera.

Mvua zilirudi mwishoni mwa 2006 na ziwa likaanza kupanda. Mwaka 2012 Uganda ilizindua bwawa la Bujagali, chini ya Jinja, linalozungusha mitambo kwa maji yaleyale yaliyokwisha kupita juu, na hiyo ilipunguza njaa ya Jinja kwa maji yetu. Mei 2020 maji yalifika juu kidogo kuliko alama ya 1964, mwalo ukazama, na watu waliojenga kwenye mchanga wa 2006 wakapoteza nyumba. Niliwaonya baadhi yao. Mtu aliyekiona kiwanja kikavu kwa miaka kumi na nne humwambii kitu.

Sasa niingie upande ambao watu wa Geita huutaja kwanza wanaposikia neno afya ya samaki: zebaki.

Kabla ya miaka ile ya ukame nilikuwa nimefanya kazi Bukombe, wakati huo ikiwa mkoa wa Shinyanga. Wengi hudhani maji yote ya Geita yanaingia Victoria. Sivyo. Rwamagasa, kitovu cha wachimbaji wadogo, iko upande wa pili wa mgongo wa nchi. Maji yake huteremka kwenye Isingile, Isingile huingia Nikonga, Nikonga huelekea Moyowosi na Malagarasi, na mwisho wake ni Ziwa Tanganyika. Bukombe nilikuwa nikikagua kambale waliokaushwa, wakiletwa kwa baiskeli kutoka mabwawa ya asili ya Nikonga hadi soko la Ushirombo, na siku zote niliwaza kuhusu kilichoko juu ya mto.

Kilichoko juu ya mto nilikiona kwa macho. Mwamba wa dhahabu husagwa kwenye karasha hadi uwe unga, unga hupitishwa kwa maji kwenye ubao wenye magunia, na mabaki mazito huchanganywa na zebaki kwenye karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu. Donge hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha huchomwa juu ya mkaa hadi zebaki igeuke moshi na dhahabu ibaki. Moshi ule huvutwa na aliye karibu, na kilichomwagika huenda na tope la marudio hadi kwenye mfereji. Mimi sikushangaa kwamba wanafanya hivyo. Nilishangaa kuona mama anaosha sufuria ya ugali mita chache kutoka hapo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilifanya mradi wa zebaki Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wataalamu walipima samaki. Walichokikuta kilinipa nafuu na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Sato na sangara wa Ghuba ya Nungwe walikuwa chini ya kiwango kinachokubalika cha miligramu 0.5 kwa kilo. Shida ilikuwa kwa samaki wa kwenye mashimo na mabwawa madogo karibu na machimbo. Huko baadhi walivuka. Nilimwaza kambale, ambaye hukaa kwenye tope na hula kila kitu. Na kwenye tope ndiko mambo hufanyika.

Zebaki inayong'aa kwenye karai siyo inayomwingia samaki kwa wingi. Kwanza lazima igeuzwe. Kuna bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni, penye majani yanayooza, na hao huibadilisha kuwa methilimekyuri, ambayo hunasa kwenye nyama. Kidudu hula kidogo, samaki mdogo hula vidudu vingi, samaki mkubwa hula samaki wadogo wengi, na kila hatua sumu hukusanyika zaidi. Sasa fikiria unajenga bwawa. Unafunika msitu, mbuga na udongo kwa maji yaliyotulia. Majani yanaoza, oksijeni ya chini inaisha, na umewaandalia bakteria wale karamu. Ndiyo maana mabwawa mapya ya umeme hutoa samaki wenye zebaki nyingi hata pale ambapo hapakuwahi kuchimbwa dhahabu. Huko Quebec, Kanada, baada ya mabwawa ya mto La Grande kujazwa, zebaki katika samaki ilipanda hadi Wakri, wenyeji wa huko ambao samaki ndiyo chakula chao, wakaambiwa wapunguze kula, na mwaka 1986 yakasainiwa makubaliano maalumu ya kushughulikia jambo hilo. Zebaki ile ilitoka angani na kwenye udongo tu. Sisi tuna ya ziada.

Kwa hiyo niliposikia habari za Malagarasi nilinyanyua masikio. Mwaka 2008 Marekani, kupitia shirika lake la Millennium Challenge Corporation, ilikubali kugharimia umeme wa maporomoko ya Igamba kwenye mto huo mkoani Kigoma. Uchunguzi wa mazingira ulipofanyika, paligunduliwa kwamba kwenye mawe ya maporomoko yale wanaishi samaki na konokono wasiojulikana kwingine kokote. Mpango ukaachwa na fedha zikaelekezwa kwingine, ikiwemo umeme wa jua. Lilikuwa jambo nadra, na nililifurahia kimyakimya nikiwa karibu kustaafu: samaki wadogo wasio na soko walikuwa wameshinda mradi. Baadaye serikali ilirudi na mpango mwingine wa Malagarasi, wa megawati 49.5, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikakubali kuukopesha mwaka 2020. Na kwenye Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwa letu, ambako ningu na mwenzake kuyu bado walikuwa wakipanda, kituo cha Rusumo cha megawati 80 kimejengwa kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Sisemi zebaki ya Rwamagasa itafika kwenye ukuta wa Malagarasi. Kati yao kuna mabwawa ya asili na mafunjo ya Moyowosi, eneo kubwa mno, la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, mwaka 2000, na mafunjo hushika tope vizuri kuliko kichujio cha kiwandani. Wala sisemi umeme usijengwe. Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi mno, na mimi mwenyewe naandika haya chini ya taa. Kinachoniudhi ni kwamba kila mara swali la samaki huulizwa kwa namna moja tu: je, wana sumu? Mwaka 2005 samaki wangu wa Nungwe wangepimwa zebaki wangefaulu. Walikuwa wagonjwa kwa kukosa maji kwa wakati wake, na hakuna maabara iliyotumwa kupima hilo.

Bwawa hubadilisha vitu viwili, njia na majira. Njia watu wanaielewa: ukuta unamzuia anayepanda. Majira hawayaelewi. Mashine ya umeme hutaka maji yale yale kila siku, jioni zaidi watu wanapopika. Samaki hutaka maji yasiyolingana, mengi masika na machache kiangazi, yapande pole pole na kushuka pole pole ili watoto watoke kwenye nyasi kabla hazijakauka. Mto ulionyooshwa usiwe na mafuriko wala ukame ni mzuri kwa mhandisi, na kwa ningu ni mwaka usio na masika.

Sheria zetu zinaliruhusu swali hili la majira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kila mto ubakiziwe maji ya kuutunza wenyewe. Ninachowaomba watakaoandika ratiba ya milango ya Malagarasi, na wale wanaosimamia Rusumo, ni mambo mawili ambayo hayagharimu megawati nyingi. Katika miezi ya masika, maji yaachiwe yapande na kushuka kwa kadiri mto ulivyozoea, na mabwana samaki wa Uvinza, wa Bukombe na wa Ngara wakae kwenye kikao kinachoamua kadiri hiyo, wasiletewe barua baada ya kikao. La pili ni kupima. Kambale wa Nikonga, Moyowosi na Malagarasi wapimwe zebaki, minyoo na uzito sasa, kabla ukuta haujaanza kuzuia maji. Bwawa likishajaa, hakutakuwa na kipimo cha awali cha kulinganishia, na kila atakayelalamika ataambiwa samaki wa huko walikuwa hivyo siku zote.